Kabla hujampa jina mnyoo wa samaki aina ya samoni na trauti, soma hapa kwanza

Jamani msikimbilie jina. Ukimwita mnyoo Gyrodactylus salaris umeshagusa riziki ya watu, huyu ndiye aliyeingia Norwei miaka ya 70 akamaliza samoni wadogo mpaka mito ikatiwa sumu ya rotenoni kumtoa, wakati ndugu zake wa trauti kama G. derjavinoides na G. truttae hawana kesi hiyo.

Chukua ethanoli (spiriti ya kuhifadhia sampuli) ya asilimia 95 hivi, chupa ya mdomo mpana, utie humo mapezi ya samaki, maana minyoo hukaa juu yake. Usishindilie mapezi mpaka juu, maji ya samaki yanaizimua. Formalini, ile dawa nyingine ya kuhifadhia, achana nayo, inaharibu DNA. Samaki mmoja chupa moja. Na yale maji ya chini ya chupa usimwage, minyoo iliyobanduka imekaa humo humo.

Kwenye hadubini tafuta kitu cha nusu milimita, hakina madoa ya macho, na tumboni kuna mtoto ambaye kulabu zake zimeshaota, tena mara nyingine ndani ya mtoto unaona mjukuu.

Sasa hapa ndo nilipoungua. Nilipata mnyoo mmoja tu mzuri, samaki katolewa kwenye maji ya baridi kali, nikambandika mzima kwenye slaidi nikamkandamiza vizuri, nikapima zile kulabu mbili kubwa za katikati na ndogo 16 za pembeni, vipimo vikakaa katikati ya spishi mbili. Nilikuwa sijui kwamba maji yakiwa baridi kulabu zinakua kubwa zaidi. Nikasema basi tupeleke DNA, DNA ipi sasa na mnyoo wote nimeshamgandisha kwenye kioo? Ikabidi kuvua upya, na mwenye shamba la samaki wiki zote hizo haruhusiwi kuhamisha hata samaki mmoja, kila siku ananipigia. Iliniuma sana.

Kwa hiyo mnyoo umkate vipande viwili. Mkia wenye kulabu uende kwenye slaidi, kiwiliwili kiende DNA. Umbo la zile kulabu ndogo liamini kuliko ukubwa, na andika jotoridi la maji siku ya kuvua. Hata DNA usisome kipande cha ITS peke yake, hakimtenganishi salaris na ndugu yake G. thymalli, ongeza kipande kingine cha DNA kiitwacho CO1.

Nyavu, buti na ndoo vikaushe kabisa kabla ya kwenda mto mwingine. Vikiwa na unyevu bado, usitoke navyo.