Arobaini imeisha, mikono imeondoka: jinsi ya kupumua ukiwa na watoto wadogo

Ukijifungua, kwetu unapewa arobaini. Mama au mama mkwe anahamia kwako, unakandwa maji ya moto, unaletewa mtori na uji wa pilipili manga, mtoto anaogeshwa na wenzio wewe unaitwa kunyonyesha tu. Halafu wanarudi makwao. Kama umeajiriwa sheria ya Tanzania inakupa siku 84, mia moja kama ni mapacha, baba yeye siku 3, na kazi ndo kwanza inaanza. Kwahiyo mama ukijiona umeelemewa usianze kujiita dhaifu, hesabu mikono iliyokuwepo halafu hesabu iliyobaki.

Mimi kuelemewa kulinikuta asubuhi moja, uji unaungua jikoni, mkubwa wa miaka mitatu kamwaga unga wa sembe sakafuni anauchora kwa kidole, mdogo analia toka saa kumi na moja, nikapiga kelele mpaka yule mkubwa akaziba masikio kwa mikono yake yenye unga. Ile picha haijanitoka mpaka leo.

Basi hasira ikipanda hivyo fanya hivi, zima jiko kwanza, mlaze mdogo chali kitandani kwake au kwenye mkeka mbali na vitu vya hatari, mkubwa mkalishe unapomuona, halafu wewe toka usimame mlangoni. Vuta pumzi, itoe taratibu kuliko ulivyoivuta, rudia mpaka mabega yashuke. Mtoto aliyeshiba na yuko salama akilia dakika tano hadhuriki, ila mtoto mchanga akitikiswa kwa hasira anaweza kuumia ubongo, yaani bora alie. Ukirudi muombe mkubwa msamaha, anaelewa.

Sasa hiyo ni ya dharura tu, dawa yenyewe ni kurudisha mikono. Na hapa ndo tunakosea wengi, tunasema "nimechoka" tukitegemea mtu ajiongeze, mwenzio anasikia umechoka anakwambia pole mama, basi. Chukua daftari, siku mbili uandike kila unachofanya, hata kutafuta soksi. Kisha toa kazi moja nzima umpe mtu na saa yake. "Baba Junior, kuanzia leo kuogesha watoto saa moja jioni ni kwako." "Mama naomba Jumamosi uje saa nne ukae na mdogo mpaka saa nane, nataka kulala." Na ukishampa mtu kazi muache aifanye anavyojua, akimvalisha mtoto gauni lisiloendana na suruali hakuna aliyekufa. Yule jirani anayesema ukiwa na shida niambie, mjibu palepale, siku na saa. Na kama una dada wa kazi naye ana mwili, mpangie muda wa kupumzika, sio mzigo wote ukitoka kwako unamwangukia yeye.

Usingizi nao mpeane zamu. Lala na watoto saa mbili usiku, mwenzio ashike mpaka saa sita, ukipata masaa manne mfululizo kichwa kinakuwa kingine kabisa. Maziwa uliyokamua yanakaa kwenye friji mpaka siku nne, ila kwa joto la Dar usiyaache nje. Ukirudi kazini jua pia sheria inakuruhusu hadi masaa mawili kwa siku ndani ya saa za kazi ukanyonyeshe, wengi hawaambiwi, kaulize.

Mengine punguza tu. Maharage chemsha sufuria kubwa mara moja, gawa kwenye vikopo ugandishe. Nguo za ndani za watoto usipige pasi.

Kuna hali lakini kupumzika hakuitoshi. Kulialia siku za mwanzo baada ya kujifungua kunatokea kwa wengi na kunapita, ila ikizidi wiki mbili, huli, hulali hata mtoto akilala, humuoni mtoto kama wako, hiyo inaweza kuwa sonona, ni ugonjwa na unatibika, zipo hata dawa za kutumia huku unanyonyesha. Ndugu watasema umerogwa au huna imani, wewe sali na hospitali nenda. Na likikujia wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, au unasikia sauti, usisubiri kesho, usibaki peke yako, mwambie mtu akupeleke hospitali siku hiyohiyo.

Kliniki wanampima mtoto uzito, wanachoma sindano, wanajaza kadi, mama unaweza ukaondoka bila kuulizwa kitu. Usingoje kuulizwa. Nesi akishamtoa mtoto kwenye mzani mwambie hivi, "Nesi, mtoto yuko sawa, mimi siko sawa, wiki ya tatu hii silali na nalia kila siku, naomba kuongea na daktari."