Kupunguza na kukusanya sala safarini

Kupunguza sala ni sadaka ya Mwenyezi Mungu kwa msafiri, na Mtume (s.a.w.) ametuagiza tuipokee. Maelezo haya ni ya madhehebu ya Shafi, yaliyozoeleka pwani.

Safari iwe ya halali, kilomita 81 hivi kwenda tu. Dar hadi Tanga inatosha, Bagamoyo haitoshi. Adhuhuri, Alasiri na Isha huwa rakaa mbili mbili, Magharibi na Alfajiri hazipungui. Usianze ungali mtaani kwako. Subiri utoke mjini.

Basi likisimama Korogwe kwa chakula na Adhuhuri imeshaingia, sali kwanza, chipsi baadaye. Chupa ya nusu lita inatosha udhu ukimimina kidogo kidogo. Nuia kupunguza unapopiga takbira, na nuia kukusanya, yaani kusali Adhuhuri na Alasiri kwa pamoja, kabla hujatoa salamu ya Adhuhuri. Kisha kimu (wito mfupi wa kusimamisha sala), usali Alasiri papo hapo. Ukikaa kupiga soga katikati, hapo huwezi tena kukusanya. Alasiri isubiri wakati wake.

Wengi hukosea msikitini: ukimfuata imamu mkaazi, hata kwa sehemu ndogo ya sala, timiza nne. Na ukinuia kukaa siku 4 kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, rukhsa inakwisha ukifika tu.

Ukiishiwa nauli njiani usione haya. Msafiri aliyekwama yumo katika mafungu 8 ya wapewao zaka (At-Tawba, aya ya 60), hata kama kwao ana mali.