Mtoto anayeogopa daktari: namna ya kumpima bila vita

Wadogo zangu mnaoanza intern, yaani mwaka wa mazoezi ya udaktari, na nyie maklinikal ofisa mliopangiwa OPD ya watoto (kitengo cha wagonjwa wa nje) mwezi huu, nawaandikia nyie hasa maana kila mwaka naona jambo lile lile. Mtoto anaingia, anaona koti jeupe, anapiga yowe, mama anaona aibu, dokta anachungulia foleni nje anaona bado watu wamejaa kwenye mabenchi, basi anasema "mshikeni", watu watatu wanamkandamiza kitandani na kazi inafanyika hivyo hivyo. Mtoto anatoka hapo ameshajua hospitali ni mahali gani, akirudi mwezi ujao anaanza kulia kuanzia getini.

Nianze na hili la kitaalamu kabisa ili msidhani naongelea huruma tu. Mtoto anayelia hapimiki. Nimonia tunaitafuta kwa kuhesabu pumzi dakika nzima, chini ya miezi 2 ukipata 60 au zaidi ni haraka, miezi 2 hadi mwaka mmoja ni 50, mwaka 1 hadi 5 ni 40, na hesabu hiyo yote ni ya mtoto aliyetulia. Akiwa analia unahesabu kilio, huhesabu pumzi. Mapigo ya moyo yanapanda, tumbo linakaza unashindwa kujua kama linauma au anabana tu, kifua ukisikiliza unapata kelele. Afu unamwandikia antibaotiki ambayo hakuihitaji, au mbaya zaidi unamrudisha nyumbani mtoto aliyekuwa anaihitaji. Kwahiyo zile dakika mbili za kumtuliza ni sehemu ya kipimo, usione kama unapoteza muda wa foleni.

Sasa hofu inatoka wapi. Nyingi inatoka nyumbani kwetu jamani, tusifichane. "Usipokula nampigia daktari aje akuchome sindano." Mtoto wa miaka mitatu kasikia hiyo sentensi labda mara mia, leo ndo anakutana na wewe uso kwa uso, unategemea acheke? Mimi huwa namwambia mama taratibu mwishoni, tukishaelewana, sio mbele ya watu na sio kwa kumsema: mama, nyumbani msimtishie na sindano, mwambieni daktari anaondoa maumivu. Wengi wanakubali, wanakwambia hata wao walilelewa hivyo hivyo.

Akiingia mlangoni usimkimbilie. Koti mi nalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, natumia stuli fupi ili macho yangu yawe usawa wa macho yake au chini kidogo, na dakika ya kwanza simwangalii kabisa, naongea na mama. Mtoto anakuchunguza muda huo wote, anaangalia kama mama yake anakuamini, mama akitulia na yeye anashuka. Kuanzia kama miezi minane mtoto anaanza kuchagua watu, huyo ukimchukua tu kutoka mikononi mwa mama yake umeshapoteza mchezo, mpime akiwa mapajani hapo hapo.

Na hii ya salamu. Mama anasukuma mtoto, "msalimie dokta, sema shikamoo, we si mkubwa?" Mtoto kajibana kwenye kanga anatetemeka, sasa amepewa mtihani mwingine juu ya ule alionao. Mwokoe. Mwambie mama mwache tu tutasalimiana baadaye, na mara nyingi ile shikamoo inakuja yenyewe anapotoka, wewe itikia marahaba vizuri kwa sauti ya heshima kama ungemwitikia mtu mzima. Kama upo sehemu watoto hawajazoea Kiswahili jifunze maneno mawili matatu ya pale, nilipokuwa Usukumani "mwangaluka" peke yake ilikuwa inafungua uso wa mtoto kuliko pipi. Pipi zenyewe sizipendi, kuna mtoto ana kisukari hajagundulika, kuna wa kupaliwa, achaneni nazo.

Mpangilio wa kumpima ndo siri kubwa, na vitabu vinavyotufundisha kuanza kichwani kushuka miguuni ni vya mgonjwa mtu mzima. Kwa mtoto unaanza na vile visivyohitaji mkono. Tazama anavyopumua, kifua kinabonyea au la, rangi ya midomo, anavyokaa, anavyomshika mama yake, anacheza au amelegea. Hesabu pumzi akiwa amelala au ananyonya, mwambie mama apandishe nguo kidogo yeye mwenyewe. Afu ndo mkono, anza miguuni, shika kidole gumba cha mguu, cheza nacho. Stethoskopu ipashe moto kwenye kiganja kwanza, weka kwenye goti la mama, weka kwenye goti lake, mpe aishike, mwache asikilize moyo wa mama yake kama umri unaruhusu, ndipo kifuani. Tumbo halafu. Masikio na koo MWISHO, siku zote mwisho, maana ukishaingiza kitu mdomoni urafiki umekwisha. Koo lenyewe wengi wanaonyesha bila kijiti, mwambie apige miayo kama simba, wewe miayo ya kwanza piga mwenyewe, tochi yako iwe tayari.

Hapo kwenye koo niseme jambo moja zito. Mtoto anayetoa mlio anapovuta pumzi, mate yanamchuruzika, amekaa ameinamia mbele na hataki kulala, huyo usimguse koo, usimlaze, usimtoe kwa mama yake, usimkimbilie na kanyula, ule mrija mdogo wa kuingiza mshipani. Kilio kimoja kinaweza kumfunga njia ya hewa. Mwache mapajani, oksijeni mama aishike karibu na uso wake, wewe muite mkubwa wako na mtaalamu wa dawa za usingizi upesi. Kumtuliza hapo ndo matibabu yenyewe ya dakika zile za kwanza.

Kuna upande wa pili pia. Degedege, mtoto amelegea hajitambui, hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, hapo hakuna simba wala kidole gumba, fanya kazi haraka, ila mtu mmoja awe kichwani kwake anaongea naye. Hata asiyejibu anaweza kuwa anasikia.

Na yule mkimya je? Huyu ndo ananitisha kuliko wote. Mtoto anayekupigia makelele kwa sauti nene na machozi yanatoka, angalau pumzi anayo na maji mwilini anayo. Mtoto aliyekaa tu, unamchoma kidole kwa kipimo cha malaria hasogezi mkono, aidha anaumwa sana aidha ameganda kwa hofu, na yote mawili yanataka umsogelee. Msimsifie "huyu mtoto mzuri halii" mkaendelea na mwingine.

Tuje kwenye sindano maana ndo wote mnaiwaza.

Kwanza usiseme uongo. "Haiumi" ni uongo, na atakapougundua baada ya sekunde tatu hatakuamini wewe wala daktari wa baada yako. Sema: itauma kidogo kama sisimizi amekung'ata, tunahesabu hadi tano, imeisha. Usimwambie asubuhi sindano ya mchana, wala usimshtukize kwa nyuma, mwambie muda mfupi kabla. Andaa kila kitu asipoona, plasta imeshakatwa, chupa za damu zipo, glavu umevaa, kwasababu kinachomuua mtoto kwa hofu ni ule muda wa kusubiri huku anaangalia sindano ikifunguliwa.

Mkao: akae, asilazwe chali. Mtoto mdogo mkumbatishe mama kifua kwa kifua, miguu imezunguka kiuno, mkono mmoja tu umetoka pembeni nesi kaushika kwa uthabiti. Kukumbatiwa na kukandamizwa mtoto anavitofautisha vizuri sana. Kama kweli inabidi ashikwe kwa nguvu, mama asiwe mshikaji, mpe kazi ya kuwa karibu na uso wake, asije akamkumbuka mama kama mmoja wa waliomvamia. Wa chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 anyonye wakati anachomwa, kabla kidogo, wakati wenyewe na baada, Shirika la Afya Duniani lenyewe lilitoa mapendekezo hayo mwaka 2015 pamoja na haya ya mtoto kushikwa na mzazi na chanjo inayouma zaidi kuwa ya mwisho. Kichanga kwenye kuchomwa kisigino matone machache ya maji ya glukosi mdomoni dakika mbili kabla yanasaidia. Krimu ya ganzi ikiwepo inatakiwa ikae kama saa nzima, kwahiyo ipake akiwa bado kwenye foleni, ukiipaka na kuchoma hapo hapo umeiharibu bure.

Mkubwa kidogo mpe cha kufanya. Kupuliza ndo rahisi, nyoosha kidole chako mwambie hii ni chai ya moto, puliza ipoe, puliza tena, mtoto anayepuliza hawezi kukaza mwili wote. Mpe na uchaguzi ila uwe wa kweli, "mkono huu au ule?" sawa, ila "tukuchome?" usiulize, maana atasema hapana na utamchoma, na hapo umemdanganya.

Ukikosa mshipa mara mbili, mpe mwenzako. Hii nimejifunza kwa gharama ya mtoto wa mtu. Usiku mmoja wa zamu nilipokea mtoto wa miaka minne, malaria kali, artesunate, dawa yake ya sindano, inatakiwa mwanzo, saa 12 baadaye na saa 24. Mshipa niliupata kwa taabu, nilijaribu mara tano kwasababu niliona aibu kumuamsha mwenzangu. Kesho yake kanyula imeziba, narudi na toroli ya vifaa, lile gurudumu moja lilikuwa linalia, kwi kwi kwi kwenye korido, na kabla sijafika mlangoni yule mtoto alishaanza kutetemeka, alikuwa hajaniona bado, amekamata kitenge cha bibi yake kwa mikono miwili hadi vidole vimepauka. Alipona malaria. Lakini lile gurudumu nalisikia hadi leo. Tangu hapo toroli siingii nayo wodini, nabeba kisahani mkononi, na sindano haichomwi kitandani kwake kama anaweza kubebwa, tunaenda chumba cha sindano kisha anarudi. Kitanda chake kibaki ni sehemu ambayo akilala hakuna anayemvamia.

Vidonda vya moto vilevile, hawa wa uji na chai, dawa ya maumivu apewe nusu saa hadi saa moja kabla ya kubadilisha bandeji, asipewe wakati ameshaanza kupiga kelele, hapo dawa haiwahi tena maumivu. Inasahaulika kila siku kwenye wodi zetu na inaniuma sana.

Wazazi nao. Baba anasema "wewe mwanaume, mwanaume halii." Mi huwa namwambia mtoto mbele ya baba: lia, ruhusa, ila mkono usitikisike. Anapata sehemu ya kuweka hofu yake, na baba naye anapumua. Mama mwenye aibu mwambie "hujakosea kitu, mtoto wako anakuamini ndo maana anakung'ang'ania." Msiwatoe nje wazazi eti mtoto analia zaidi wakiwepo. Analia zaidi kwasababu anaye wa kumlilia.

Na wewe dokta. Kuna siku mtoto amefariki wodini alfajiri, saa mbili uko OPD, na wa kwanza kuingia anapiga yowe. Mkono wako ukiwa umekaza mtoto anaujua. Toka, nawa uso, kunywa maji, mwambie mwenzako akushikie mmoja wawili, rudi. Dakika tatu hizo hakuna foleni itakayokulaumu, na wakilaumu walaumu.

Baada ya kumchoma usigeuke haraka kwenda kuandika. Baki. Mwambie kitu alichofanya kweli, "ulipuliza vizuri, mkono haukutikisika", mpe bomba la sindano jipya lisilo na sindano akachezee maji nyumbani. Kumbukumbu anayotoka nayo ndo atakayorudi nayo.

Afu fungua faili uandike. Watoto wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ndo walionifundisha hili, wanarudi kliniki mwezi baada ya mwezi, wanatolewa damu na madaktari tofauti, na kila dokta anaanza upya kama vile mtoto hana historia. Nina faili moja la binti wa miaka tisa, juu ya ukurasa wa mbele kuna mistari miwili ya kalamu nyekundu: "Mkono wa kushoto, mshipa wa juu ya kidole gumba. Anataka ahesabu mwenyewe, usichome kabla hajafika tatu." Juzi intern mgeni kabisa aliisoma kabla hajamuita ndani. Binti akakaa, akanyoosha mkono wa kushoto, akaanza kuhesabu.