Kwenye semina, shika mlinganyo mmoja tu
Wenzangu wa Tanga mnaofuatilia semina za fizikia na hisabati ya fedha kwa simu, msihangaike kunakili kila slaidi. Chukua mlinganyo mmoja, uujaribu kwa namba ndogo daftarini. Mimi hutumia bei ya mkonge. Tuseme kila siku inapanda au kushuka shilingi 100, kama kurusha sarafu. Baada ya siku 4 mtawanyiko wake, yaani umbali wa kawaida kutoka bei ya mwanzo, ni shilingi 200, si 400. Siku 100, ni 1,000. Unakua kwa kipeuo cha pili cha muda! Mwanahisabati Mfaransa Louis Bachelier alilionyesha hilo kwa bei za soko la hisa la Paris mwaka 1900; Einstein akalifikia mwaka 1905 kwa chembe zinazoelea majini. Ukishalipata kwa kalamu yako, swali la kumuuliza mtoa mada linakuja lenyewe. Liulize mapema.