Jinsi ya kuomba akaunti ya kuuza hisa za kuazima ukiwa Mwanza

Fomu unayoitafuta haipo Soko la Hisa la Dar es Salaam. Naanza na hilo kwa sababu wengi huanzia huko na kupoteza wiki. Dalali wa DSE hukuuzia hisa zilizomo tayari kwenye akaunti yako ya CDS, yaani daftari la kielektroniki la kutunzia hisa. Kama hazimo, hana cha kukuuzia. Vodacom Tanzania ilipouza hisa kwa umma mwaka 2017 kwa shilingi 850 kila moja, aliyeona bei hiyo imezidi alikuwa na njia moja tu, kutonunua. Baadaye bei ilishuka chini ya hapo, na kuona mbali kwake hakukumwingizia hata senti. Anayetaka kulipwa kwa kugundua kwamba hisa imepandishwa kuliko thamani yake, lazima aombe akaunti kwa dalali wa nje. Hapa nitaeleza maombi ya soko la Marekani, maana ndilo wengi wanaloliulizia.

Kwanza jambo lenyewe

Twende soko la dagaa la Mwaloni, Kirumba. Wiki ya mbalamwezi taa za wavuvi hazifui dafu mbele ya mwezi, dagaa wanaadimika, na gunia linapanda bei. Tuseme umeazima magunia kumi kwa mwenye stoo, ukayauza siku hiyohiyo kwa bei ya juu. Deni lako kwake ni magunia kumi, si fedha. Giza likirudi na dagaa wakajaa, unanunua kumi kwa bei ya chini, unamrudishia yake, na kilichobaki ni chako. Hisa za kuazima ni hivyohivyo, ila mwenye stoo ni dalali.

Nilimweleza hivi mama mmoja anayepakia dagaa pale. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, na mwenyewe akiyataka magunia yake leo usiku?" Nikiwa bado natafuta jibu, akaongeza, "Na mvua ikinyesha mwezi mzima, dagaa wasikauke?" Nimewahi kukaa na wahasibu ambao hawakufika kwenye maswali hayo. Aliyenunua hisa kwa dola 40, kampuni ikifa, amepoteza 40 na hadithi imeishia hapo. Aliyeiazima akaiuza kwa 40 anaweza kuja kuinunua kwa 80, kwa 200, kwa bei yoyote itakayofika, kwa sababu deni lake linahesabiwa kwa hisa na hakuna dari juu yake.

Kumchagua dalali

Si kila dalali anapokea wakazi wa Tanzania, kwa hiyo angalia orodha ya nchi kabla hujapoteza muda kujaza chochote. Kama ni wa Marekani, mtafute jina kwenye BrokerCheck, tovuti ya FINRA, chombo kinachosimamia madalali wa huko. Kama ni wa Uingereza, kwenye daftari la FCA, msimamizi wa masoko wa huko. Akikudhulumu, CMSA yetu, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji nchini, haina mkono wa kumfikia huko, na hilo uliweke moyoni mapema.

Jihadhari na apu za simu zinazokuruhusu "kuuza" hisa ndani ya dakika tano kwa dola 50. Mara nyingi hapo hakuna hisa iliyoazimwa kwa yeyote. Umeingia mkataba wa tofauti ya bei na mwenye apu, na hasara yako inaweza kuwa faida yake. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida kwenye mikataba hiyo hupoteza fedha.

Karatasi

Utatakiwa pasipoti au kitambulisho cha NIDA, namba ya TIN, taarifa ya benki, na uthibitisho wa makazi. Majina yawe yaleyale kila mahali, kwa mpangilio uleule. Jina la babu likiwepo NIDA na kukosekana kwenye pasipoti, fomu itarudi.

Kinachowakwamisha watu wa huku zaidi ni makazi. Maombi yangu ya kwanza yalikataliwa mara mbili kwa sababu taarifa yangu ya benki iliandikwa S.L.P., Mwanza, basi. Mtu wa upande wa pili anataka nyumba, na sanduku la posta halilaliki. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukaombe barua ya utambulisho yenye namba ya nyumba, jina la barabara, mtaa na kata. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 nyumba nyingi zina kibao cha namba, hivyo mwambie mwenyekiti aiandike kama ilivyo kwenye kibao. Barua ikiwa ya Kiswahili, itafsiriwe na kugongwa muhuri na wakili. Kisha rudi benki ukabadilishe anwani yako pale, ili taarifa ya mwezi ujao isikuangushe tena.

Kujaza fomu

Chagua akaunti ya mkopo, si ya fedha taslimu. Kwenye akaunti ya fedha taslimu huwezi kuuza cha kuazima. Vijana wa forex pale mjini hutamka jina lake la Kiingereza, "margin account", kama "akaunti ya majini", na kwa sisi wa ziwani tafsiri hiyo haiko mbali sana na ukweli.

Utaulizwa kipato cha mwaka, mali, miaka ya uzoefu na lengo. Ukichagua lengo la kulinda mtaji, mfumo unaweza kukunyima ruhusa ya kuuza, na hapo ndipo watu hurudi nyuma kubadilisha majibu: mwaka mmoja unakuwa mitano, milioni nne zinakuwa arobaini. Usifanye hivyo. Mambo yakiharibika, fomu hiyo ndiyo itakayosomwa, na sahihi iliyopo chini ni yako.

Fomu ya kodi inaitwa W-8BEN. Unathibitisha kwamba wewe si mkazi wala raia wa Marekani, na inadumu hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya ule uliosaini. Haikuondolei TRA: mkazi wa Tanzania hutozwa kodi kwa mapato yake ya popote duniani, kwa hiyo tunza taarifa za kila mwezi.

Mkataba, kurasa ambazo watu huzirusha

Soma vipengele vitatu hata kama utaacha vingine vyote. Kimoja kinampa dalali haki ya kukufungia biashara bila kukupigia simu. Cha pili kinamruhusu kupandisha wakati wowote kiwango cha dhamana, yaani fedha unazoweka kulinda deni lako. Cha tatu ni lile swali la mama wa Mwaloni: mwenye hisa akizitaka, na dalali asipopata nyingine za kuazima, zitanunuliwa sokoni kwa jina lako, kwa bei ya dakika hiyo. Huchagui siku.

Kutuma fedha

Akaunti ya mkopo Marekani inadai mtaji usiopungua dola 2,000. Fedha zitoke kwenye akaunti yenye jina lako. Za shemeji zitarudishwa. Kutoa fedha nchini kwenda kununua hisa za nje kunasimamiwa na Benki Kuu chini ya Sheria ya Fedha za Kigeni ya mwaka 1992 na kanuni zake, na masharti hutegemea nchi fedha zinakokwenda. Iulize benki yako kwa maandishi, ikujibu kwa maandishi. Wakisitasita, Benki Kuu ina tawi lake hapahapa Mwanza.

Kuomba hisa yenyewe

Ruhusa ya akaunti haikupi hisa. Kwa kanuni iitwayo Regulation SHO, inayotumika tangu 2005, dalali lazima awe na sababu ya kuamini kwamba hisa zinapatikana kwa kuazimwa kabla hujauza. Hivyo unatafuta jina la kampuni, unaangalia kama zipo, kisha unasoma ada ya kuazima, ambayo wengi hawaiangalii. Kampuni ambayo kila mtu anaiona imepanda kupita kiasi ndiyo yenye ada kubwa, maana foleni ya waazimaji ni ndefu. Ada ya asilimia 20 kwa mwaka kwenye hisa za dola 4,000 ni kama dola 67 kila mwezi, bei ikae palepale tu. Kampuni ikitoa gawio ukiwa umeshikilia deni, unalilipa wewe kumpa mwenye hisa.

Sasa hesabu, chukua kalamu. Umeuza hisa 100 kwa dola 40, yaani 4,000. Sheria inataka uweke nusu yake kama dhamana, 2,000. Pamoja na zile 4,000 za mauzo, akaunti ina 6,000. Ili uendelee, mtaji wako, yaani 6,000 ukitoa gharama ya kuzinunua tena hisa, usipungue asilimia 30 ya thamani ya hisa kwa siku hiyo, na madalali wengi hudai zaidi. Bei ikipita dola 46.15 umeshaanguka chini ya kiwango: unaongeza fedha au unafungiwa. Hapo hisa imepanda asilimia 15 tu. Ikifika 60, mtaji wako wote umekwisha, na ikilala 60 ikaamka 75, unadaiwa.

Unaweza kuwa sahihi na bado ikatokea hivyo. Walioiuza Wirecard, kampuni ya malipo ya Ujerumani, walikuwa na hoja nzito, lakini Februari 2019 msimamizi wa masoko wa nchi hiyo, BaFin, alipiga marufuku kwa miezi miwili kuongeza mauzo ya namna hiyo dhidi ya kampuni hiyo, na bei ikainuka. Ni Juni 2020 ndipo ilipobainika kwamba euro bilioni 1.9 zilizoandikwa kwenye vitabu vyake hazipo. Ulihitaji pumzi ya zaidi ya mwaka mzima. Volkswagen ilikuwa tofauti: Oktoba 2008 Porsche ilitangaza kwamba, pamoja na haki za kununua, inadhibiti asilimia 74.1 ya hisa za Volkswagen, na jimbo la Lower Saxony lilikuwa na 20. Waazimaji waligombania kilichobaki ili warudishe, na kwa muda mfupi hisa moja ikapita euro 1,000.

Kwa hiyo siku ya kwanza weka pia amri ya kununua bei ikifika mahali ulipopaamua, huku ukijua kwamba bei ikiruka usiku, amri hiyo itatekelezwa juu ya hapo. Soko la New York hufunguliwa saa kumi na nusu jioni kwa saa zetu, au saa kumi na moja na nusu miezi ya baridi yao, na hufungwa saa tano au saa sita usiku. Ni saa zilezile mitumbwi ya dagaa inapoingia kazini. Uwe na bando la pili kwenye laini nyingine, na simu iliyojaa chaji.

Kufunga na kurudisha

Kumaliza ni kununua idadi ileile uliyouza. Angalia skrini isome sifuri. Ukinunua 110 badala ya 100, sasa unamiliki hisa 10 za kampuni unayoiona mbovu. Subiri siku moja ya kazi, maana tangu Mei 2024 malipo ya soko hilo hukamilika siku inayofuata, kisha pakua taarifa na uombe fedha zirudi benki ileile zilikotoka. Kama huna mpango wa kurudia, mwandikie dalali airudishe akaunti kuwa ya fedha taslimu.