Sarafu ya Mjerumani: itambue kabla hujaiuza, na usiisugue

Mimi ni sonara hapa Lindi mjini, kazi niliyorithi kwa marehemu baba. Kila baada ya wiki chache huingia mtu dukani na sarafu kaifunga kwenye pindo la kanga, kaiokota akipalilia mihogo au kaachiwa na bibi yake. "Fundi, hii wanatoa shilingi ngapi?" Kabla ya bei, namwomba kitu kimoja: asiisugue.

Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kuharibu. Nilipokuwa mgeni kazini nilinunua rupia nyeusi tii, nikaisugua kwa ndimu na majivu mpaka ikang'aa kama kijiko kipya. Mnunuzi kutoka Dar es Salaam akaitia chini ya lenzi, akaigeuza mara moja, akanipa bei ya fedha ya kuyeyusha. Ile michirizi ya majivu haifutiki. Weusi ule ndio ngozi ya sarafu, na mjuzi hulipia ngozi. Kama ina udongo, iloweke kwenye maji safi, kisha ikandamize taratibu kwa kitambaa cha pamba. Basi.

Sasa isome. Pesa, rupia, hela: maneno haya yako mdomoni mwetu kila siku, nayo sarafu zake zilipita mikononi mwa mababu zetu. Pesa ni ya shaba, upande mmoja ina maandishi ya Kiarabu, na mwaka wake ni wa Hijria: 1307, 1308 au 1309, yaani kati ya 1890 na 1892. Wengi huzitupa wakidhani hazina mwaka. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Rupia za mwanzo zilitolewa na kampuni ya Kijerumani. Mbele yumo Kaisari Wilhelm II kavaa kofia ya chuma, nyuma simba na mnazi. Kuanzia 1904 serikali ya kikoloni ikachukua kazi hiyo, rupia ikagawanywa kwa heller 100, na heller hiyo ndiyo iliyotuachia neno hela.

Ukiona tundu katikati, usikimbilie kusema ni ya Mjerumani. Senti 10 za Mwingereza nazo zina tundu, ila zimechorwa pembe za ndovu na zimeandikwa EAST AFRICA. Ya Mjerumani imeandikwa DEUTSCH OSTAFRIKA. Halafu tafuta herufi ndogo peke yake: A ni Berlin, J ni Hamburg. Mwaka uleule wenye herufi tofauti unaweza kuwa na bei tofauti kabisa, kwa hiyo andika vyote viwili.

Herufi ninayoipenda ni T, ya Tabora. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walikuwa wameziba bahari, sarafu haziji tena kutoka Ulaya, basi Wajerumani wakazigonga wenyewe kwenye karakana ya reli. Ile ya heller 20 ina aina nyingi, na hapa lenzi inalipa. Kwanza rangi: kuna ya shaba nyekundu na kuna ya shaba ya manjano. Pili taji: kubwa au dogo. Tatu, angalia L mbili za neno HELLER. Kwenye baadhi, ncha ya L ya pili imejikunja kama mkia wa kinyonga; kwenye nyingine ncha zote zimechongoka. Upande wake wa nyuma mara nyingi haukugongwa vizuri, mchoro umepinda kidogo, na hilo si kasoro ya kukutisha. Vifaa vyao vilikuwa hivyo. Ya dhahabu ya rupia 15, yenye ndovu, ina nakala bandia nyingi mno. Halisi ina gramu 7.16 hivi. Usiinunue kwa macho.

Mizani ndiyo rafiki yako. Rupia ya fedha ni gramu 11.66, na fedha yake ni sehemu 917 katika 1,000. Ikipungua sana, au ikinaswa na sumaku, ni ya kughushi. Kuhusu bei, usitazame muuzaji anayetangaza. Tazama minada iliyokwisha, sarafu ileile, mwaka uleule, hali ileile. Heller moja iliyochakaa ni ya kawaida sana, nami humwambia mwenye nayo hivyo hata kama uso wake utanywea. Wale wanaopiga simu wakitafuta rupia "inayovuta mchele" ni matapeli. Fedha haivuti punje hata moja, na wakishakuomba hela ya "kupima", imekwenda.

Ukiokota ufukweni Kilwa kisarafu chembamba cha shaba chenye Kiarabu tu pande zote mbili, hicho kinaweza kuwa cha masultani wa Kilwa. Kipeleke kwa maofisa wa mambo ya kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda vitu hivyo.

Juzi alikuja bi mkubwa kutoka Sudi na uzi wa sarafu kumi na moja za tundu, kidani cha mama yake. Alitaka nikate uzi nizipime mojamoja. Nikazisomea palepale uzini: tisa za heller 10, mbili senti za Mwingereza. Nikamwandikia kwenye karatasi miaka na herufi zake, nikamrudishia uzi mzima.