Kuandika muda kwa maneno kwenye mipangilio ya Git bila kupoteza kazi

Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya faili, hukubali muda ulioandikwa kama mtu anavyosema: 2.weeks.ago, yesterday, never. Mipangilio ya gc.pruneExpire (usipoigusa ni wiki 2), gc.reflogExpire (siku 90) na gc.reflogExpireUnreachable (siku 30) ndiyo inayoiambia git gc, amri ya kusafisha hazina ya Git, ifute nini na ibakize nini. Wa kwanza unahusu vitu visivyotumika tena; miwili inayofuata inahusu reflog, yaani kumbukumbu za mahali matawi yalipokuwa. Shida ni kwamba kisomaji cha tarehe cha Git hupenda kukisia kuliko kukataa. Ukikosea, aghalabu hupati onyo, unapata tarehe nyingine kabisa. Kwa hiyo usiiamini thamani yoyote kabla hujaiona ikiwa tarehe kamili.

Jaribu hivi, bila kuandika chochote kwenye faili:

git -c jaribio.muda="2.weeks.ago" config --type=expiry-date jaribio.muda

Jibu ni sekunde tangu 1 Januari 1970. Kwenye Linux ligeuze kwa date -d @ ikifuatwa na namba hiyo, na kwenye macOS kwa date -r na namba. Chaguo la --type linahitaji Git 2.18 au zaidi. Kwa mpangilio uliokwisha kuandikwa, weka jina lake mwishoni mahali pa jaribio.muda na uondoe -c pamoja na thamani inayoifuata. Kama hujauandika, amri haichapishi kitu, hata kama thamani ya msingi inafanya kazi.

Sasa jaribu "wiki mbili zilizopita". Inakataliwa, na hilo ni jema. Kisha jaribu "wiki 2 zilizopita". Inapita! Git haijui neno wiki wala zilizopita, inayaruka yote, inabaki na 2 tupu na kuichukua kuwa tarehe 2 ya mwezi huu. Ukiiweka hiyo kwenye gc.pruneExpire na leo ni tarehe 3, umeruhusu vitu visivyofikiwa na tawi, tag wala reflog yoyote vifutwe vikiwa na umri wa siku moja tu. Tarakimu yoyote inatosha kukifanya kisomaji kiridhike, kwa hiyo vipimo viandikwe kwa Kiingereza: minutes, hours, days, weeks.

Namba isiyo na kipimo ni hatari zaidi, kwa sababu inaonekana sahihi. Ukiandika gc.reflogExpire = 90 ukikusudia siku 90, Git inasoma mwaka 1990, na mpangilio huo haufuti kumbukumbu yoyote ya reflog kamwe. Ukiandika gc.reflogExpireUnreachable = 30, inasoma tarehe 30 ya mwezi huu. Siku nyingi hiyo bado haijafika, basi kumbukumbu zote za kazi uliyoiacha nje ya matawi zinahesabika kuwa zimepitwa na muda. Kinachochanganya watu ni kwamba gc.rerereResolved (muda wa kutunza suluhisho za migongano ya kuunganisha matawi), iliyo katika kundi lilelile la gc, inakubali namba tupu na kuihesabu kuwa siku. Andika namba pamoja na kipimo kila mahali, mfano 90.days.ago, na hutakosea popote.

Nukta kati ya maneno zinakuepusha na alama za kunukuu tu. Neno ago nalo halisomwi: 2.weeks na 2.weeks.ago ni kitu kimoja, na "in 2 weeks" pia hurudi nyuma wiki 2. Usijaribu kuandika muda ujao kwa njia hii.

Tarehe kamili iandikwe 2025-03-05 00:00. Ukiandika 05/03/2025 kama tulivyozoea Afrika Mashariki, Git hutanguliza mwezi kwa mtindo wa Marekani na kupata 3 Mei. Ukiacha saa, inatumia saa ya sasa hivi, kwa hiyo amri ileile ya asubuhi na ya jioni inatoa kikomo tofauti. Hata yesterday ni saa 24 zilizopita, si usiku wa manane wa kuamkia jana. Epuka month pia panapohitajika usahihi: mwezi mmoja kabla ya 31 Machi ni 31 Februari, na siku hiyo kwa kuwa haipo, hesabu inamwagikia 3 Machi (2 Machi mwaka mrefu). 30.days.ago haina utata huo.

Skripti zako zinaweza kutumia kisomaji hikihiki, mathalani kuamua nakala za akiba zifutwe lini. Lakini chuja thamani kwanza, maana --type haikagui chochote wakati wa kuandika aina hii. Ukiweka abc itahifadhiwa kimya. Kwenye Bash, nakala.umri ikiwa ni jina la mpangilio uliojitungia:

thamani=$(git config --get nakala.umri) || exit 1
[[ $thamani =~ ^[0-9]+\.(hour|day|week)s?\.ago$ ]] || exit 1
kikomo=$(git config --type=expiry-date nakala.umri) || exit 1

Mchujo huu unazuia pia never, now na all, na tumefanya hivyo makusudi. never hutoa 0. now na all hazitoi saa ya sasa bali namba kubwa kuliko zote, 18446744073709551615, ambayo hesabu za Bash haziwezi kuibeba. Ukizihitaji, zishughulikie kwa masharti yake yenyewe kabla ya kufikia mstari wa mchujo.